Mheshimiwa Ataka Kutuezekea Kanisa: Tumpokee?

SWALI

Bwana asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mweka hazina wa kamati ya ujenzi katika kanisa letu, huku mashambani Kaunti ya Nakuru. Kuta zilikwisha mwaka jana, lakini paa limetushinda na tunaabudu chini ya turubai. Sasa mbunge wetu ametuma mtu kusema atakuja Jumapili ya mwisho wa mwezi na shilingi milioni moja za mabati na mbao. Anaomba jambo moja tu: apewe nafasi ya kusalimia watu baada ya mahubiri. Wazee wamekubali, wanasema Warumi 13 inatuagiza kuheshimu mamlaka. Vijana wamesema siku hiyo hawaingii. Mwanangu wa pili alikuwa Nairobi kwenye maandamano ya Juni 2024, na tangu hapo hakanyagi kanisani. Anasema kanisa lilikula na wakubwa, na watoto walipopigwa risasi likanyamaza. Juu ya hayo, mwalimu wetu wa shule ya Jumapili ametangaza kugombea uwakilishi wa wadi mwaka 2027, na wengine wanataka aondolewe kabisa kwenye huduma kwa sababu siasa ni mchezo mchafu. Mimi ndiye nitakayeandika risiti. Nifanye nini? Na Mkristo aingie katika siasa kwa kiasi gani?

JIBU

Amina, Mama. Nimeusoma ujumbe wako mara tatu, na kila mara nimesimama kwenye ile sentensi fupi: "Mimi ndiye nitakayeandika risiti." Wazee watapiga makofi, kwaya itaimba, mheshimiwa ataondoka na msafara wake, na kitabu cha risiti kitabaki mikononi mwako. Kwa hiyo nitaanza na pesa. Warumi 13 nitaifikia baadaye, ingawa najua wazee wangependa nianzie huko.

Nikwambie mapema ninaposimama, usije ukanisoma kwa wasiwasi. Msimpe mheshimiwa maikrofoni, na kama pesa haziwezi kuja bila maikrofoni, basi zisije. Sisemi hivyo kwa kudhani kwamba imani na siasa hazikutani. Zinakutana kila siku. Kanisa lina neno la kusema juu ya kodi, ardhi, polisi, hospitali na bei ya unga, na ndiyo sababu halifai kukiuza kinywa chake.

Mimi nimewahi kukiuza changu.

Mwaka 1996 nilikuwa mchungaji kijana katika mji mdogo wa soko. Kanisa letu lilivuja hadi tukawa tunahamisha mabenchi kufuata mahali pakavu. Mheshimiwa mmoja wa wakati huo akatuletea mabati mapya 200, yakashushwa mlangoni ibada ikiendelea, na kishindo chake kikakatiza sala ya toba. Alizungumza dakika arobaini. Mimi nilihubiri kumi na tano. Mwaka uliofuata vibanda vya akina mama wa sokoni vilibomolewa usiku, na mjini hapakuwa na mtu asiyejua kiwanja kile kilikuwa kinakwenda kwa nani. Mmoja wa akina mama wale, muuza mboga, alikuwa mshirika wangu. Alikuja ofisini asubuhi na matope miguuni, akafungua fundo la leso, akatoa risiti za ushuru wa soko za miaka sita, zimekunjwa pamoja mpaka zimekuwa ngumu kama kadi. Akazipanga mezani moja moja, mwaka baada ya mwaka. Kisha akaniuliza: "Mchungaji, Jumapili utasema?" Nje mvua ilikuwa inanyesha, nami nikaisikia ikipiga juu ya yale mabati. Nikamwambia tutaliombea jambo hilo. Tukaomba. Jumapili nikahubiri juu ya uvumilivu wa Ayubu. Yule mama hakunilaumu hata kwa neno moja. Aliacha tu kuja.

Nataka uone, Mama, kwamba hakuna mtu aliyenikataza kusema. Hakuna simu iliyopigwa, hakuna aliyenitishia. Mabati yalitosha. Kutoka 23:8 inasema rushwa huwapofusha hao waonao. Inawataja wenye macho mazima, watu kama mimi nilivyokuwa, waliosoma chuo cha theolojia na kuweza kumhubiri nabii Amosi kwa saa nzima. Siku ile mabati yaliposhushwa sikuyaona kama rushwa, niliyaita baraka.

Abrahamu aliujua mtego huu tangu alipokuwa bado akiitwa Abramu. Katika Mwanzo 14 ametoka vitani, amewaokoa mateka na mali ya Sodoma, na mfalme wa Sodoma anamwambia achukue mali yote. Kwa desturi ya vita ilikuwa halali yake. Akakataa: "sitatwaa uzi wala gidamu ya kiatu wala cho chote kilicho chako, usije ukasema, Nimemtajirisha Abramu." Tazama jinsi alivyoshuka hadi kwenye kamba ya kiatu. Alijua kwamba kinachomfunga mtu ni ile sentensi itakayosemwa baadaye, "Mimi ndiye niliyemtajirisha," nayo husemwa kwa gidamu kama inavyosemwa kwa milioni. Mheshimiwa wenu anaomba nafasi ya kusalimia watu ili apate kuisema sentensi hiyo, na aiseme mbele ya msalaba.

Najua wazee watakujibu kwa Ezra, na wana haki ya kujibu. Katika Ezra 6, Mfalme Dario wa Uajemi aliagiza gharama za hekalu la Yerusalemu zilipwe kutoka katika mali ya mfalme, na akaomba waombee uhai wake na wa wanawe. Pesa ya mtawala ilijenga nyumba ya Mungu na manabii Hagai na Zekaria hawakuipinga. Ni kweli. Lakini ile ilikuwa amri iliyoandikwa, ikasomwa hadharani, ikatoka katika kodi ya jimbo, na kila mtu aliweza kuhesabu. Tena Dario hakupanda Yerusalemu siku ya kuwekwa wakfu ili ahutubie. Nami nikuulize wewe mwenye daftari: milioni hii inatoka wapi? Ikiwa ni mshahara wake, mbona inafika ikiwa na kelele? Ikiwa ni fedha za maendeleo ya eneo bunge, hizo ni kodi zenu, zina kamati yake na taratibu zake, na hazipitii kwenye bahasha ya Jumapili. Ikiwa haijulikani inakotoka, je, utaandika nini kwenye ile risiti?

Agano Jipya lina mtu aliyejenga nyumba ya ibada kwa mfuko wake, nami ninampenda sana mtu huyu. Ni yule akida wa Kapernaumu katika Luka 7. Wazee wa Wayahudi wanamwendea Yesu na kumsihi: "Amestahili huyu umtendee neno hili, maana, analipenda taifa letu, naye alitujengea sinagogi." Sikiliza wazee wale wanavyozungumza, Mama. Ni sauti ile ile ya kikao chenu: ametujengea, basi amestahili. Lakini akida mwenyewe anatuma rafiki zake wakamwambie Yesu: "mimi sistahili wewe uingie chini ya dari yangu." Aliyewajengea watu paa la kuabudia anaona aibu ya paa lake mwenyewe. Hakuja kusimama mbele ya sinagogi lake. Huduma aliyoitafuta siku ile ilikuwa ya mtumwa wake mgonjwa. Akija mheshimiwa wa namna hiyo, Mama, mpokeeni kwa mikono miwili na paa lipigwe misumari.

Sasa niingie mahali ninapotaka ukae sana. Mkikutana kamati, msianze na Warumi 13. Anzeni na Waamuzi 9, sura ambayo sisi wachungaji tunaihubiri mara chache mno, na katika nchi yetu ingepaswa kusomwa kila mwaka wa uchaguzi.

Gideoni amekufa, ameacha wana sabini, na mmoja zaidi aliyezaliwa na suria wake kutoka mji wa Shekemu. Huyo ni Abimeleki. Anakwenda kwa wajomba zake na kampeni yake ina mistari miwili. Wa kwanza: ni lipi jema kwenu, kutawaliwa na watu sabini au na mtu mmoja? Wa pili: kumbukeni kwamba mimi ni mfupa wenu na nyama yenu. Kwa maneno yetu, mimi ni mtu wetu. Andiko linasema mioyo ya watu ikamwelekea, kwa kuwa walisema, huyu ni ndugu yetu. Hakuna aliyemwuliza atafanya nini kuhusu visima au mashamba. Undugu ulitosha.

Kisha ukaja ule mstari wa nne. Wakampa vipande sabini vya fedha kutoka katika nyumba ya Baal-berithi, naye kwa fedha hiyo akaajiri wahuni wakamfuata. Fedha ilitoka hekaluni. Sadaka za watu, zilizoletwa kwa magoti, zikalipa mishahara ya wahuni. Vipande sabini, kwa ndugu sabini waliochinjwa juu ya jiwe moja. Sisi siku hizi tunaiona pesa ikitoka kwa mwanasiasa kuingia kanisani, tunadhani tuko salama kwa sababu sisi ni wapokeaji. Lakini mlango ni ule ule, na ukishafunguka hupitisha vitu pande zote mbili. Anayekuletea mabati leo atakuja kuchukua kitu kesho, na mara nyingi kile anachochukua ni jina la kanisa, ili alitumie kwa watu wasiojua.

Mwisho wa sura ndio unaonitetemesha. Shekemu na Abimeleki wanageukiana, na watu wa mnara wa Shekemu wanakimbilia wapi? Wanakimbilia ngome ya hekalu, nyumba ile ile iliyotoa fedha. Walidhani ni mahali pa usalama. Abimeleki anakata tawi la mti, analiweka begani, anawaambia askari wake wafanye vivyo hivyo, wanayarundika matawi juu ya ile ngome na kuitia moto. Wakafa watu kama elfu moja, waume kwa wake.

Mkenya hawezi kusoma mistari hiyo bila kukumbuka tarehe 1 Januari 2008, kule Kiambaa karibu na Eldoret, ambapo akina mama na watoto waliokimbilia kanisani waliteketezwa ndani yake. Katika ghasia za baada ya uchaguzi ule waliuawa watu zaidi ya 1,100 na wengine mamia kwa maelfu wakahama makwao. Sisemi kanisa la Kiambaa lilikuwa na hatia yoyote. Wale walikuwa wakimbizi. Nasema juu yetu tuliokuwa mimbarani kwingine, ambao miezi ile ya mwaka 2007 tulikuwa tumeshawapaka mafuta wagombea wa makabila yetu, tukawatabiria ushindi, tukasema Bwana amenena. Baraza la Kitaifa la Makanisa lilikiri mwezi Februari 2008 kwamba viongozi wa kanisa walikuwa wamechukua pande, na kwa sababu hiyo walishindwa kuikabili hali. Moto ulipowaka, kila mchungaji aliyesema "acheni" alionekana anazungumza kwa niaba ya upande wake. Kinywa kilikuwepo, lakini kilikuwa na mwenyewe.

Ninakwambia haya kwa uchungu kwa sababu nililelewa katika kanisa lililokuwa na kinywa. KANU, chama tawala cha wakati ule, ilipoamua mwaka 1986 kwamba kura za mchujo zipigwe kwa mlolongo, watu wapange foleni nyuma ya picha za wagombea, sauti zilizopinga hadharani zilikuwa za wachungaji na maaskofu. Henry Okullu, Alexander Muge, David Gitari, Timothy Njoya. Gitari hakuwa na chama. Alikuwa na Biblia. Njia yake ilikuwa kuchukua kifungu, Danieli au shamba la Nabothi, na kukifafanua mstari kwa mstari mpaka msikilizaji aliyejinyakulia ardhi ya watu aanze kujikunakuna kitini. Usiku mmoja wa Aprili 1989 kundi la wavamizi lilimjia nyumbani kwake Kirinyaga, akaokoka kwa kupanda juu ya paa. Askofu Muge alitishiwa hadharani na waziri mmoja kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke hai. Alikwenda, akahubiri, na tarehe 14 Agosti 1990 akafa katika ajali ya barabarani akirudi Eldoret. Mwaka 1992, akina mama waliokuwa wakidai wana wao waachiliwe kutoka jela za kisiasa walipopigwa na polisi pale Uhuru Park, Kanisa Kuu la All Saints liliwafungulia chumba chake cha chini, wakakaa humo karibu mwaka mzima. Kanisa lile halikugombea ubunge kwa ajili ya wana wao. Lilifungua mlango na kuwaacha walale ndani.

Je, watu hao hawakuingia katika siasa? Waliingia mpaka shingoni. Lakini waliingia kama mashahidi. Shahidi haandamani na upande wowote wa kesi, anasema alichokiona, na akilipwa ili aseme, ushahidi wake unatupwa.

Sasa twende kwa Warumi 13. Wazee wenu wamesoma vizuri kwamba hakuna mamlaka isiyotoka kwa Mungu. Waendelee hadi mstari wa nne: "kwa kuwa yeye ni mtumishi wa Mungu kwako kwa ajili ya mema." Hapo Paulo amempa mtawala kazi na kumwekea kipimo. Mtumishi ana bwana wake, na bwana anaweza kuuliza hesabu. Tena aliyeandika barua hiyo ndiye yule wa Matendo 16, aliyepigwa viboko Filipi bila kuhukumiwa, na asubuhi mahakimu walipotuma watu wamtoe kimyakimya akagoma: sisi ni Warumi, wametupiga hadharani, na waje wenyewe watutoe. Alidai haki yake ya uraia, na akawafanya wakubwa waje kwa miguu yao kuomba radhi. Kuheshimu mamlaka na kuiuliza swali vilikaa katika mtu mmoja bila kugombana. Kwetu sisi Katiba ya mwaka 2010 ndiyo mamlaka iliyo kuu, mbunge yuko chini yake kama wewe. Ibara ya 37 inampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Kijana aliyetoka kwa amani mwaka 2024 kuupinga Mswada wa Fedha hakuipinga Warumi 13. Alikuwa anaitumia mamlaka kuiambia mamlaka.

Kuhusu mwalimu wa shule ya Jumapili, nitasema kwa ufupi kwa sababu Biblia imeshasema, katika sura ile ile ya Waamuzi. Jothamu, aliyenusurika kati ya wale sabini, alisimama juu ya mlima Gerizimu akawasimulia Shekemu kisa cha miti iliyotafuta mfalme. Mzeituni ukakataa, una mafuta yake. Mtini ukakataa, una utamu wake. Mzabibu ukakataa, una divai yake. Ukabaki mti wa miiba, nao ukakubali haraka na kuwaita miti mirefu waje wakae katika kivuli chake. Kivuli cha miiba! Watu wenu wanaosema siasa ni mchezo mchafu wanazungumza kama mzeituni. Mwalimu mwaminifu anayejua majina ya watoto wa wadi nzima na nyumba ipi imelala njaa, mwacheni agombee. Muda wa kampeni apumzike kufundisha, si kwa adhabu, ila mtoto asije akaenda nyumbani kusema mwalimu wa Jumapili anaomba kura. Kanisa lisimtangaze kuwa mgombea wake. Mwombeeni kwa jina pamoja na wapinzani wake wote kwa majina, katika sala moja. Na akishinda, mumwulize maswali makali kuliko mtakayomwuliza mwingine.

Nawe umeuliza Mkristo aingie kwa kiasi gani. Wengi tunadhani kuingia ni siku ya kura, tarehe 10 Agosti 2027, au ni kuandamana. Mimi naona mahali tulipolegea zaidi ni pale penye kuchosha. Kila mwaka serikali ya kaunti hupeleka makadirio ya bajeti bungeni kwake kabla ya tarehe 30 Aprili, na kisheria wananchi lazima wasikilizwe. Mikutano hiyo hufanyika katika kumbi za kata, mara nyingi na watu wachache na mandazi. Nimehudhuria kadhaa. Katika mmoja, mjane wa ushirika wa akina mama alisimama akauliza kwa nini zahanati yao imetengewa pesa za kupaka rangi mwaka wa pili mfululizo ilhali haina maji. Hakupaza sauti. Alikuwa amepigia mstari kwa kalamu ya penseli na ukurasa ameukunja. Afisa alitazama karatasi yake, akamtazama yule mama, akaandika. Kwangu mimi ile ilikuwa Mithali 31:8, "Fumbua kinywa chako kwa ajili yake aliye bubu," imefanyika saa tano asubuhi katika ukumbi wa kata.

Basi Jumapili ya mwisho wa mwezi. Mwandikieni mheshimiwa barua kabla ya siku hiyo, isainiwe na mwenyekiti, katibu na wewe, na iwe ya adabu, kwa maana tumeagizwa kuwaombea wote wenye mamlaka, wala si kuwafedhehesha. Mwambieni anakaribishwa kuabudu na familia yake. Atakaa penye nafasi. Yakobo 2 imekwisha kutupangia viti, na mwenye pete ya dhahabu hapewi cha mbele. Salamu zake zitatolewa na katibu kwenye matangazo, kama za mgeni mwingine yeyote. Akitaka kutoa, sadaka iwekwe katika kapu wakati kila mtu anatoa, bila kutajwa kiasi, na utamwandikia risiti kama unavyomwandikia mama wa kuku wawili. Akikubali hivyo, mshukuruni Mungu, na pengine mna akida wa Kapernaumu msiyemjua. Akisema basi haji, mtakuwa mmejua ile milioni ilikuwa ya nini. Msimsimange kwa hilo.

Hamtakuwa wa kwanza. Septemba 2021 kule Butere, siku Rose Okeno alipowekwa wakfu kuwa askofu, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwatangazia wanasiasa waliokuwepo kwamba katika makanisa ya Kianglikana hawatahutubia tena ibadani, wakae waabudu kama wengine. Na Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza mamilioni ambayo Rais alikuwa ametoa katika parokia moja ya Kikatoliki yarudishwe. Watu walisema kanisa limekosa adabu. Nilikaa siku ile nikafikiria mabati yangu 200.

Paa litachelewa, sitakudanganya. Turubai lina joto, na mvua za masika zitawakuta hapo. Igawanyeni kazi: mwombeni fundi makadirio ya upande wa mimbari peke yake kwanza, mbandike karatasi mlangoni inayoonyesha bati moja ni shilingi ngapi, na kila familia ichukue bati lake. Nimeona makanisa yakiezekwa hivyo kwa miaka miwili. Ni polepole, na hakuna anayeweza kuja kusema, "Nimewaezekea."

Na mwanao. Usimlazimishe kurudi kwa kumwambia atapata laana. Amesema jambo la kweli, na kijana akisema kweli juu ya kanisa, kanisa linapaswa kunyamaza kidogo limsikilize. Mpe barua hii aisome. Mwambie kwamba mchungaji mmoja aliyekaa kimya mbele ya risiti za miaka sita anamwomba msamaha, yeye na wenzake. Kisha Jumamosi, kamati itakapokutana, mwombe aje, si kwenye ibada, kwenye kikao tu. Makadirio ya fundi huwa na herufi ndogo na wazee hawaoni vizuri. Asome yeye kwa sauti, bati kwa bati, nawe uandike.